Maswali ya Masomo: Nianzie koleji ya miaka miwili Marekani?

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Umoja na wazazi wangu. KCSE nilipata B, hesabu nikapata A-, fizikia B+. Ndoto yangu ni uhandisi wa umeme. Shangazi yangu ni muuguzi Minnesota na amekubali nikae kwake. Karo ya chuo kikuu cha huko miaka yote minne hatuiwezi, kwa hivyo amenishauri nianze na koleji ya jamii, nisome miaka miwili nipate digrii yao ndogo, kisha nihamie chuo kikuu nimalizie miwili iliyobaki. Barua ya kukubaliwa kwenye koleji ninayo.

Baba amekataa kabisa. Anasema hizo ni shule za waliofeli, na kwamba hatauza ploti ya Kamulu ili nirudi na karatasi ya miaka miwili ambayo hakuna mwajiri ataitazama. Mama hajui asimame na nani. Halafu kuna ofisi mjini inayosema nikiwapa elfu themanini watanishughulikia kila kitu. Nifanyeje?
Binti wa Umoja

JIBU: Binti yangu, hizo elfu themanini zisitoke kwenye simu ya mama. Maombi ya koleji hizi mwanafunzi hujaza mwenyewe mtandaoni, na wewe barua tayari unayo, kwa hivyo sioni wanakuuzia nini. Ukitaka mtu wa kukuelekeza, EducationUSA, ofisi ya ushauri wa masomo ya serikali ya Marekani, wako hapa hapa Nairobi, katika Ubalozi wa Marekani kule Gigiri, na hawatozi ushauri.

Sasa tuje kwa mzee. Ana haki ya kuogopa, maana ploti ikishauzwa hairudi. Lakini habari aliyopewa ni nusu. Koleji hizi si za jana. Ile ya kwanza ya umma ilianzishwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, ili vijana wa pale wasome masomo ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama nyumbani. Msomee pia habari za Eileen Collins. Huyu alimaliza Corning Community College, jimbo la New York, mwaka 1976, akahamia Syracuse University akachukua digrii ya hesabu na uchumi. Mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Space Shuttle, na mwaka 1999 wa kwanza kukiongoza chombo hicho kama kamanda. Baba akishasikia hayo, mwulize kama bado anaona ni shule ya waliofeli.

Kuhusu karatasi, mweleze hivi: ukihamia na kumaliza, cheti utakachopewa ni cha chuo kikuu, kile kile anachopewa aliyeingia pale tangu mwaka wa kwanza. Ukirudi Kenya, anayetambua digrii za nje ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kwa kuwa wewe ni mtu wa uhandisi, utapita pia kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya ukitaka kusajiliwa. Kwa hivyo chuo kikuu utakachohamia kiwe na programu ya uhandisi iliyoidhinishwa na ABET, shirika linalokagua programu hizo Marekani. Hilo litazame sasa, ukiwa bado Umoja.

Kinachonitia wasiwasi mimi si koleji. Ni krediti, yaani pointi unazohesabiwa kwa kila kozi unayopasi. Nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya usajili ya chuo kikuu kimoja hapa jijini, na kazi yangu ilikuwa kupitia transkripti, yaani rekodi za kozi na alama, za wanaohamia. Kijana analeta kurasa zake zimepigwa muhuri. Amesoma kweli, amepasi kweli. Naweka rula chini ya mstari wa kwanza: kozi hii inalingana na yetu, anasamehewa. Nashusha rula: hii inapokewa, lakini kama somo la ziada, haimpunguzii hata kozi moja kati ya zile anazodaiwa kwenye digrii yake. Nashusha tena: hii haina pa kuingia. Tukimaliza, yule aliyedhani amebakiza miaka miwili anakuta amebakiza mitatu. Na kosa lilifanyika siku ya kuchagua kozi, zamani sana, wakati hakuna aliyemwambia.

Ofisi za usajili za Marekani hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa hivyo wewe anza na chuo kikuu, kisha urudi nyuma hadi koleji. Fungua tovuti ya chuo kikuu unachokitaka, tafuta mpango wa uhandisi wa umeme muhula kwa muhula, uuchapishe kwa mtu wa cyber hapo mtaani, uubandike ukutani. Kila kozi ya koleji utakayoandikishwa, uliza inachukua nafasi ya ipi kwenye karatasi hiyo. Usiulize tu kama itapokewa. Uliza itahesabiwa wapi, na jibu ulipate kwa barua pepe, si kwa mdomo. Vyuo vya Minnesota hutumia tovuti iitwayo Transferology, ambayo ni ya bure na inaonyesha kozi ya koleji inalingana na ipi ya chuo kikuu. Jaribu leo.

Kisha kuna herufi. Barua yako ya kukubaliwa inasema programu gani? Ikisema AA (Associate of Arts) au AS (Associate of Science), hizo ni digrii za miaka miwili zilizotengenezwa kwa anayetaka kuendelea hadi digrii kamili. Ikisema AAS (Associate of Applied Science), hiyo ni ya kumtayarisha mtu kwa kazi moja kwa moja. Ni nzuri kwa fundi anayetaka kuanza kuchuma, lakini krediti zake nyingi hukwama mlangoni mwa chuo kikuu. Programu ya umeme yenye AAS yaweza kuwa na jina tamu lililo karibu sana na uhandisi. Kama barua yako inasema AAS, waandikie koleji wiki hii uombe kubadilishiwa.

Minnesota wana jambo zuri. Kuna mtaala wa masomo ya jumla wa krediti 40, uliogawanywa katika maeneo 10: uandishi, sayansi, historia na mengineyo. Ukiukamilisha katika koleji moja ya umma, vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo huukubali wote kwa pamoja, hawakurudishi nyuma kwenye masomo ya jumla. Digrii ya miaka miwili kwa kawaida ni krediti 60 na ile kamili ni kama 120, kwa hivyo 40 si haba.

Lakini hapa ndipo mwanafunzi wa uhandisi hupotea, tena akifuata ushauri mzuri. Anakazania zile 40 kwanza, historia na saikolojia, akisema hesabu zitakuja. Hesabu za uhandisi hupandana kama ngazi: calculus ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo tofautishi (differential equations), na fizikia ya wahandisi haikuruhusu kuingia kabla hujafika ngazi fulani ya calculus. Kila moja ni muhula mzima. Ukichelewa kuikanyaga ya kwanza, hakuna bidii itakayokurudishia muhula huo. Kwa hivyo tangu Agosti, masomo yanapoanza, uwe na somo la hesabu kila muhula, na masomo ya jumla yajaze nafasi zinazobaki.

Na huenda wakakupima kiwango kabla ya kukuandikisha, mara nyingi kwa mtihani uitwao ACCUPLACER. Usiuendee hivi hivi kwa sababu una A-. Wengi wetu tukishamaliza KCSE vitabu tunavifungia. Toa vile vya kidato cha tatu na cha nne, rudia aljebra, trigonometria na zile mada za calculus mlizogusa mwishoni. Ukiangukia chini utapangiwa kozi za kukuinua, ambazo katika koleji za Minnesota huwa na nambari chini ya 1000. Unazilipia, unazisoma, na haziingii kwenye digrii. Miezi uliyo nayo kabla ya Agosti inatosha kuziepuka.

Sasa, umalize ile digrii ya miaka miwili au uhame katikati? Wapo wanaosema mhandisi ahame mapema, mara tu anapopasi calculus na fizikia, na kwa mwenye pesa za uhakika sina ugomvi nao. Kwa familia ya ploti moja, nasema maliza. Nimewaona vijana waliorudi nyumbani kwa sababu mfadhili aliugua au kazi yake ilikatika, wana krediti hamsini na kitu, hawana cheti. Hapa Nairobi krediti hazikupeleki kwenye mahojiano ya kazi. Cheti cha miaka miwili angalau ni kitu kilichokamilika, na kukiwa na dhiki unaweza kusimama hapo upumue, kisha uendelee. Msisitizie baba jambo hili, maana ndilo linaloilinda pesa yake.

Kuhusu pesa nitakuwa mkweli. Kukaa kwa shangazi kutakuokolea kodi na chakula, na hiyo ni nusu ya vita. Lakini kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kuishi kwake kwa kawaida hakukufanyi mkazi wa jimbo kwa hesabu za karo. Uliza koleji yako ina bei moja kwa wote au ina bei ya wageni. Msaada wa karo wa serikali kuu ya Marekani hautolewi kwa mwenye F-1. Kazi unaruhusiwa ndani ya koleji tu mwaka wa kwanza, isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Mtu akikwambia utafanya kazi za usiku za kutunza wazee ujilipie karo, anakuelekeza kwenye kuvunja viza, hata awe ndugu. Na kila muhula lazima uwe na krediti zisizopungua 12.

Kabla ya viza utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, mbali na ada ya viza yenyewe. Kwenye mahojiano watataka kujua kwa nini koleji hii na si chuo kikuu. Jibu lako ni ile karatasi ya ukutani. Anayeweza kutaja chuo kikuu anachokilenga, kozi zinazohamishika na nani analipa nini, anaeleweka haraka.

Mwisho, ukifika, wastani wa alama zako uwe juu ya 3.5 kati ya 4. Kuna Phi Theta Kappa, chama cha wanafunzi bora wa koleji za miaka miwili, na vyuo vikuu vingi hutenga ufadhili kwa wanachama wake wanaohamia. Na usitupe mpango wa somo (syllabus) hata mmoja. Ofisi ya usajili ikishuku kozi yako, hiyo ndiyo karatasi watakayokuomba.

SWALI: Mwalimu, mimi nina C na sina shangazi ng'ambo. Niko Kayole. Naweza kufika digrii kwa kuanzia diploma hapa hapa?
Kijana wa Kayole

JIBU: Unaweza, mwanangu. Digrii moja kwa moja inataka C+, lakini diploma inataka C-, kwa hivyo mlango wa diploma uko wazi kwako kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni. Ukimaliza kwa alama nzuri, vyuo vikuu vingi hupokea wenye diploma ya fani hiyo hiyo, na vingine huwasamehe baadhi ya kozi za mwanzo. Kila chuo kikuu kina masharti yake, kwa hivyo yale niliyomwambia dada yako wa Umoja yanakuhusu pia: nenda ofisi ya usajili ya chuo kikuu unachokitaka kabla hujalipa karo ya diploma, uulize ni diploma zipi wanazipokea na wanasamehe nini. Hakikisha chuo cha diploma kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Orodha iko kwenye tovuti yao. Kama jina la chuo halimo, usiwape hata ada ya fomu.