Sipro inapungua kwenye chupa: si lazima iwe plastiki iliyoinasa

Mkuu, umeeleza kwamba unaweka mg 50 za chembe za poliethilini kwenye ml 50 za maji yenye siprofloksasini (sipro, aina ya antibiotiki), dawa inapungua, na unataka kuandika kwenye ripoti kuwa plastiki imeinasa. Kwa vipimo hivyo bado huna ushahidi.

Piga hesabu kwanza. Tuseme Kd (uwiano wa dawa iliyonaswa kwenye kilo ya plastiki na iliyobaki kwenye lita ya maji) ni lita 50 kwa kilo. Gramu 1 ya plastiki kwa lita (ndicho kiasi chako) itashusha dawa kwa takriban asilimia 5 tu, na makosa ya pipeti na mashine yanaweza kuimeza tofauti hiyo. Weka gramu 10 kwa lita, itashuka asilimia 33. Hapo una kitu cha kupima.

Halafu ziba mianya. Mwanga huvunja siprofloksasini, kwa hiyo funga chupa kwa foili, na ziwe za kioo. Bakteria nao wanaweza kuila dawa, wazuie kwa sodiamu azidi, mg 200 kwa lita; ni sumu kali. Kila seti iwe na chupa ya dawa bila plastiki. Msaliti mkubwa ni kichujio cha nailoni cha kutenga chembe na maji kabla ya kupima: nailoni ni poliamidi, na poliamidi hunasa antibiotiki kuliko poliethilini unayoichunguza! Tumia cha nyuzi za kioo, mwaga ml chache za mwanzo, na chupa isiyo na plastiki nayo ipite kwenye kichujio cha aina hiyohiyo. Sentrifuji haitakusaidia, poliethilini huelea.

Andika pH. Karibu na 7 dawa hii ina chaji chanya na hasi kwa pamoja, ndiyo maana maji ya bahari hupunguza kunaswa kwake: ayoni za chumvi hugombea nafasi, na magneziamu hushikana na dawa yenyewe. Kabamazepini, dawa ya kifafa, haina chaji, chumvi haiisumbui sana.

Kwenye jaribio la kuachia, yaani kupima dawa inayotoka tena kwenye plastiki, watu wengi hudanganywa na maji yanayobaki katikati ya chembe baada ya kumimina. Yana dawa. Pima uzito wa chupa, ujue yamebaki kiasi gani, uyatoe kwenye hesabu. Ukitaka kuiga tumbo la samaki, tumia sodiamu taurokolati (chumvi ya nyongo) milimoli 15.5 kwa lita, pH 4, nyuzijoto 18 za Selsiasi. Azidi usiiweke hapo, asidi huigeuza gesi ya sumu. Ongeza chupa ya pH 4 isiyo na taurokolati, maana asidi peke yake hubadilisha chaji ya dawa.

Na sentensi ya ripoti kwamba plastiki ndiyo inayosafirisha dawa mtoni, ifute. Kwa Kd hiyohiyo, mg 1 ya plastiki kwa lita ya maji hubeba asilimia 0.005 ya dawa.