Stroberi zatoka kombo, na nyuki wapo

SWALI: Assalamu alaikum. Nina stroberi kwenye ndoo 30 juu ya sakafu ya zege, paa la nyumba yetu. Tangu Januari maua ni mengi, lakini mengine yanakauka, na yanayoshika yanatoa matunda yaliyopinda: upande mmoja umejaa, mwingine umebonyea na mbegu zimebanana. Nyuki nawaona kila asubuhi. Nimeongeza mbolea, wapi! Nifanyeje? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Wa alaikum salaam, mama. Hizo mbegu zilizobanana ndizo zinazotoa siri. Kila mbegu ya stroberi ndilo tunda halisi. Nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba. Mbegu iliyorutubishwa hutoa homoni ya oksini, nayo ndiyo inayoifanya nyama ya chini yake ivimbe. Isiporutubishwa, nyama ya hapo hudumaa na mbegu hubaki ndogo, bapa, zikisongamana. Kama zingekuwa kubwa sawa na za upande wa pili, tungeshuku wadudu.

Nyuki hawana kosa. Wanabeba chavua (lile vumbi la ua linalorutubisha mbegu) iliyokwisha kufa kwa joto. Stroberi hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 24 na usiku wa 10 hadi 15; Mombasa mwezi wa Februari na Machi mchana hupita 31, na usiku wenyewe hukaa karibu na 24. Zege nalo linahifadhi joto hadi usiku. Tena chavua hutengenezwa ua likiwa bado tumba, kwa hiyo ua unaloliona leo liliungua siku kadhaa zilizopita.

Hakikisha mwenyewe. Chukua ua lililofunguka, tazama vile vifuko vidogo vinavyozunguka kitovu. Vizima ni vya njano, vimejaa. Vilivyoungua ni vya kahawia, vimesinyaa. Mnamo saa nne asubuhi, umande ukishakauka, ligonge ua juu ya karatasi nyeusi. Lisipoacha vumbi la njano, hata kulichavusha mwenyewe kwa brashi hakutasaidia.

Anza na joto. Inua ndoo juu ya matofali na mbao ili upepo upite chini, zizungushie gunia au zipake chokaa nyeupe. Tundika neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, au makuti yaliyosukwa kwa nafasi, kuanzia saa nne hadi saa kumi. Pande uziache wazi. Funika udongo kwa majani makavu, usitumie nailoni nyeusi. Mbolea isimamishe: nitrojeni ikizidi unapata majani tu. Na maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi usiyatumie, kwani stroberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi hata kidogo. Kinga maji ya mvua au tumia ya mfereji.

Maua yakianza kuwa na chavua nzima, chukua brashi laini ya kuchorea, zungusha taratibu juu ya kitovu cha kila ua kati ya saa tatu na saa tano, siku tatu mfululizo. Ua la kwanza la kila shada usilikose: ndilo lenye viungo vya kike vingi kuliko yote na ndilo lenye tunda kubwa, hivyo linahitaji chavua nyingi.

Kwa maoni yetu, maua ya Machi yakate, mmea upumzike. Panda miche mipya Mei, ukiikinga na mvua ya masika, ili ichanue Julai na Agosti, kusi inapovuma na usiku umepoa.

SWALI: Na yale yaliyonyooka, mbona madogo na hayana utamu? (Huyo huyo)

JIBU: Kwenye baridi, tunda huchukua siku 30 hivi tangu ua hadi kuiva. Joto hulikimbiza, likawa jekundu kabla ya kujaza nyama, na usiku wa moto mmea huchoma sukari yake wenyewe kwa kupumua. Subiri wekundu ufike hadi shingoni, kisha chuma alfajiri pamoja na kikonyo. Ukilichuma mapema litazidi wekundu tu, utamu hauongezeki.