Mkuu, kutapika wiki mbili siyo "tumbo linazoea"

Mleta mada, umeuliza likizo uchukue siku ngapi, pesa za kubadilisha, chakula, na kama mama mkwe aje kumpikia shemeji, yaani mkeo, akirudi kutoka India kukatwa tumbo ili apungue uzito. Hayo yatapata majibu. Kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: "wametuambia atatapika wiki mbili tatu, ni kawaida, tumbo linazoea." Futa hiyo kichwani. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikaamini, na ilitugharimu.

Kichefuchefu siku moja mbili za mwanzo, sawa. Kutapika kila anachomeza siku baada ya siku kuna sababu: anameza haraka, amepewa chakula kizito kabla ya wakati, au njia imebana na inahitaji kuangaliwa kwa kamera. Wakati mnasubiri "azoee", vitamini B1 (thayamini) inakwisha. Akiba yake mwilini ni ya wiki 2 hadi 3 tu, na vidonge anavyovitapika usivihesabu. Baadaye ataona vitu viwili viwili, atayumba akitembea, miguu itakufa ganzi, atajibu ovyo. Nyumbani watasema ni njaa. Hapo ubongo unaumia, na kumbukumbu ikishapotea inaweza isirudi.

Halafu mnafika hospitali kalegea, anatundikiwa dripu ya glukosi. Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Mwili hauwezi kuichoma glukosi bila B1, kwa hiyo kile kidogo kilichobaki kinamalizika na mgonjwa anaharibika akiwa kitandani. Daktari wa zamu hali hii anaijua zaidi kwa walevi, kwa mama wa nyumbani haimjii haraka. Mwambie wewe: "Amekatwa tumbo tarehe fulani, anatapika siku ya ngapi, naomba achomwe thayamini kwanza, glukosi baadaye." Wasisubiri majibu ya maabara. Tembea na barua ya upasuaji, maana aliyemkata yuko mbali na hatapokea simu saa nane usiku.

Kanuni ni hii: saa 24 bila maji kukaa tumboni, mpeleke. Usimpigie wakala aliyewauzia safari. Hao wanajua tiketi na hoteli, na neno "kawaida" wanalitoa bure kwa sababu hawatakuwepo likigeuka.

Ili msifike huko, hesabu maji. Tumbo lililobaki ni mrija mwembamba, karibu 80% imeondolewa. Chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, jaza hadi mstari wa 30 ml. Anywe kwa vifundo vidogo, amalize kwa dakika 15, ujaze tena. Ni 120 ml kwa saa. Akiwa macho saa 14 anafika karibu lita 1.7. Andika kila kikombe kwenye daftari. Daftari lenye vikombe 9 ifikapo saa kumi jioni linakwambia mapema kuliko midomo iliyokauka. Na mkojo ukiwa rangi ya chai, umeshachelewa.

Mama mkwe aje, ila uji mzito na supu ya kongoro abaki navyo. Wiki 2 za mwanzo ni vimiminika vyepesi visivyo na sukari, kisha vilivyosagwa laini hadi wiki ya 4. Akianza kula, maji yasubiri nusu saa baada ya chakula. Diklofenaki na brufeni za duka la mtaani asimeze, zinachimba vidonda.

Kingine kisichosubiri hata hizo saa 24: mapigo ya moyo juu ya 120 akiwa amelala, homa, au maumivu yanayopanda bega la kushoto. Mshono unaweza kuwa unavuja. Jifunze kumshika mkono na kuhesabu mapigo dakika nzima kabla hamjapanda ndege.

Likizo chukua angalau mpaka daftari lijae siku 5 mfululizo bila kutapika. Ya pesa za kubadilisha, waliosafiri karibuni watakujibu.