Mtetemo Ulionipotezea Miezi Saba

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji aliyeko Maskati, mwenye Camaro ya mwaka 1969, ambao nimeusoma mara nne kabla ya kuketi kuandika makala hii. Aliandika hivi: "Kaka, nimebadilisha matairi yote manne, nimepeleka propela ikabalansiwe, nimeweka krosi mpya mbele na nyuma, na bado gari likifika kilomita mia na kitu linavuma chini ya sakafu mpaka watoto wanaziba masikio. Mke wangu anasema niliuze. Niuze?" (Propela ni ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, na krosi ni viungo vya kupinda vilivyo kwenye ncha zake.) Mwanzoni nilicheka. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu orodha ile ya vitu alivyovinunua ilikuwa orodha yangu mwenyewe, karibu kwa mpangilio uleule.

Mimi ninaishi Columbus, Ohio, na gari langu ni Chevrolet Nova SS ya mwaka 1969, lenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, ambayo kiwandani ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 300. Wanaoyajua magari haya wanafahamu kwamba Nova ya miaka ile na Camaro ya kwanza ni ndugu: subframu ya mbele, yaani fremu fupi inayobeba injini, ni ya asili moja, na nyuma yote mawili yana ekseli nzima, mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, iliyokalia springi za mabamba ya chuma yaliyolaliana, kama za malori. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yanamhusu ndugu yangu wa Maskati moja kwa moja.

Gari nililinunua likiwa zima. Nalisema hili wazi kwa sababu kwa muda mrefu nilimtukana aliyeniuzia, naye hakuwa na kosa lolote. Nililiendesha msimu mmoja likiwa na giaboksi yake ya gia nne, nikaridhika nalo, kisha nikaingiwa na tamaa ya kuliboresha. Niliweka giaboksi ya gia tano ili injini ipumue kwenye barabara kuu, na wikiendi hiyohiyo nikalishusha nyuma inchi mbili kwa kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kwa sababu nililiona likikaa kama jogoo aliyeinua mkia. Kazi yote niliifanya kwa mikono yangu, nikajipiga picha nikiwa na grisi mpaka viwikoni, nikawatumia jamaa zangu Tanga.

Siku ya kwanza kwenye barabara ya I-71, nilipofika maili 65 kwa saa, ndipo nilipolisikia. Halikuwa tetemeko la usukani, wala kiti hakikutikisika. Ulikuwa mvumo mzito uliotoka chini ya kiti cha nyuma, ukapanda kwenye sakafu, ukaingia kwenye nyayo za miguu, na kioo cha kati kikawa kinaonyesha magari mawili pale palipokuwa na moja. Nilipopunguza mwendo hadi maili 50, ukanyamaza.

Sasa hesabu ujinga wangu. Nilinunua matairi kwa dola 640. Yalipokuwa hayajasaidia, nikasema ni pete ya mbele ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini, ile yenye mpira katikati ambayo ikizeeka pete ya nje huteleza, dola 180. Kisha nikaenda kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, wakanibadilishia krosi kwa dola 310, na nilipowarudia wiki iliyofuata kuwaambia kwamba mvumo upo palepale, mkuu wao aliniangalia akasema kwamba magari ya umri huu yote hutetemeka, na kwamba kama ninataka ukimya ninunue gari la umeme. Wenzake wakacheka. Nimejaribu kuyasahau maneno yale nikashindwa. Nikabalansi propela mahali pengine kwa dola 225. Jumla ni dola 1,355, na gari lilikuwa linavuma vilevile.

Majira ya baridi nayaruka, kwa sababu gari lilikaa chini ya turubai nami nikawa sitaki hata kuliangalia.

Aliyenitoa gizani ni mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza malori ya mkonge huko Tanga na hajawahi kuiona Nova isipokuwa kwenye picha zangu. Nilimpigia simu kumjulia hali, nikajikuta ninamlalamikia. Nikaanza kumwigizia ile sauti. Akanikatiza: "Mwanangu, mimi sikuulizi inalia vipi. Nakuuliza inalia mara ngapi." Sikuelewa. Akaendelea kwamba kila kitu kinachozunguka chini ya gari kina mwendo wake, kwamba tairi haizunguki sawa na propela, na propela haizunguki sawa na injini, hivyo anayejua idadi ya mapigo anamjua mpigaji.

Usiku huo nilichukua karatasi. Tairi zangu zina kimo cha inchi 26, kwa hiyo huzunguka takriban mara 776 katika maili moja. Kwa mwendo wa maili 65 kwa saa hiyo ni kama mizunguko 840 kwa dakika, yaani 14 kwa sekunde. Difu yangu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, ni ya uwiano wa 3.55, maana yake propela huzunguka mara 3.55 kila tairi inapozunguka mara moja, kwa hiyo propela inakwenda karibu mizunguko 50 kwa sekunde. Kesho yake nililiendesha gari nikiwa na programu ya simu inayoonyesha sauti kwa idadi ya mapigo, simu ikiwa imelazwa sakafuni nyuma. Namba iliyosimama juu ya nyingine zote ilikuwa karibu na 100.

Kumi na nne ingekuwa matairi, rimu au ekseli. Hamsini ingekuwa propela isiyo na uzani sawa, au iliyopinda. Mia moja ni mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, na kitu kinachopiga mara mbili kwa mzunguko ni krosi inayofanya kazi kwenye pembe isiyofaa. Matairi yangu mapya ya dola 640 hayakuwa na kesi ya kujibu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu nimeona watu wengi wakiambiwa tu "rekebisha pembe" bila kuelewa wanarekebisha nini. Krosi ikiwa imenyooka huzungusha sawasawa, lakini ikipinda, upande unaozungushwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, ingawa upande unaozungusha hauna haraka wala pole. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo mbio hizo zinavyozidi. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya nyuma inatakiwa kuwa na pembe sawa na ya mbele, ili pale ya mbele inapoharakisha ya nyuma ipunguze, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akishusha mchi yule anainua. Pembe zikitofautiana, michi inagongana. Mafundi wengi hupenda kila krosi iwe kati ya nyuzi 1 na 3, na si sifuri, kwa kuwa krosi iliyonyooka kabisa haiviringishi sindano za beringi zake na sindano huchimba mahali pamoja.

Basi kabla sijapima, nilifanya jaribio la barabarani ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Nilifika maili 65 katika gia ya tano, nikasikiliza; nikarudi gia ya nne kwa mwendo uleule, nikasikiliza; kisha nikatoa gia na kuliacha gari liteleze, injini ikiwa hai ili breki na usukani visiwe vizito. Mvumo ulikuwa uleule katika gia zote mbili, na gari lilipoteleza ulipungua lakini haukuisha. Injini ilikuwa imebadilisha mwendo mara tatu na mvumo haukujali, kwa hiyo injini haikuhusika. Nilipokanyaga mafuta ulipanda, nilipoachia ulishuka, na hilo nalo lilikuwa ushahidi, maana kitu kisicho na uzani sawa hakijali kama umekanyaga au umeachia, ila pembe hubadilika kwa sababu ekseli ya springi hizi huinua pua, yaani upande wake wa mbele unaopokea propela, inaposukumwa. Angalia pia mtego wa gia ya nne: katika gia hiyo injini na propela huzunguka sawa, mzunguko kwa mzunguko, hivyo anayepima katika gia hiyo peke yake hawezi kuvitenganisha. Giaboksi yangu ya zamani iliishia hapo. Katika gia ya tano injini ilishuka kutoka karibu mizunguko 3,000 kwa dakika hadi kama 2,000, ikanyamaza, lakini propela haikupunguza hata mzunguko mmoja, ikabaki inasikika peke yake.

Jumamosi nililiinua gari, stendi za kulishikilia nikaziweka chini ya ekseli yenyewe wala si chini ya bodi, kwa sababu ekseli ikining'inia pembe unazozipima ni za gari linaloruka hewani. Nikapima kwa kipima pembe cha sumaku cha dola 30. Mkia wa giaboksi ulikuwa umeinama nyuzi 3.5 kuelekea nyuma, propela imeinama nyuzi 1, na pinioni ya difu, ule mhimili mfupi unaopokea propela, imenyanyua pua nyuzi 6. Krosi ya mbele ilikuwa inafanya kazi kwa nyuzi 2.5, ya nyuma kwa nyuzi 5, na hapo gari limesimama. Likisukumwa pua inapanda zaidi.

Nililala chini nikiwa na tochi, nikivitazama vile vipande vya chuma nilivyovifunga mwenyewe. Havikuwa bapa. Vilikuwa na umbo la kabari, kila kimoja kikiwa na mteremko wa nyuzi 2, na mimi nilikuwa nimeelekeza upande mnene mbele. Upande mnene ulitakiwa uelekee nyuma, uiinue ekseli kisogoni ili pua ishuke. Katika picha ile niliyowatumia jamaa, yenye grisi na tabasamu, kosa linaonekana waziwazi nyuma ya bega langu la kushoto.

Nilivigeuza kwa saa mbili na nusu, nikaweka yu-bolti mpya, zile zinazofunga ekseli kwenye springi, kwa dola 38, kwani za zamani zikishavutika si vizuri kuzikaza tena. Kugeuza kabari ya nyuzi 2 hubadilisha pembe kwa nyuzi 4, hivyo pua ikashuka hadi nyuzi 2, krosi ya nyuma ikawa na nyuzi 1 gari likiwa limesimama, na ikipata mzigo inakaribia ile 2.5 ya mbele. Nikatoka kwenda I-71. Maili 65, kimya. Maili 70, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika gari lile: saa ya dashibodi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Maskati, na wengine mlioniandikia zamani nikawajibu kwa kubahatisha, naomba radhi na ninawasihi: acheni kununua kabla ya kupima. Tunapenda kununua kwa sababu kununua kunafanana na kufanya kazi. Tunauliza kila mtu, kila mtu anataja kifaa kilichomharibikia yeye, nasi tunakwenda dukani. Mimi nilishawishika hata na habari za mauntingi za injini, yaani vishikizo vinavyoishika injini kwenye fremu, kwa kuwa mwaka 1971 General Motors iliyaita yarudi kurekebishwa magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 ya miaka ya 1965 hadi 1969, Nova na Camaro zikiwamo, baada ya mauntingi kukatika na injini kunyanyuka. Nikaifungua boneti, nikaukuta ule waya mnene uliowekwa kuizuia injini bado uko mahali pake na mauntingi ni nzima. Habari ilikuwa ya kweli, ila haikuwa habari ya gari langu. Pima kwanza. Na ukishapima, pima tena mtu mwingine akishika tochi.

Simsamehi yule mkuu wa gereji kwa kicheko chake, lakini ninakiri kwamba hata angekuwa mwungwana, nilikwenda kwake nikimwambia abadilishe krosi, sikumwambia atafute mtetemo unatoka wapi.

Gari usiliuze bado. Nitumie kimo cha tairi zako, uwiano wa difu, na mwendo ambao mvumo unaanza, pamoja na pembe tatu: ya mkia wa giaboksi, ya propela, na ya pinioni, stendi zikiwa chini ya ekseli na sakafu ikiwa sawa. Uniambie pia kama aliyekuwa nalo kabla yako alilishusha au kulipandisha nyuma. Na kabla hujafungua nati yoyote, chora kwa chaki mshale wa kuelekea mbele juu ya kila kipande, kwa sababu mimi sikuchora, na ilinibidi kuvigeuza mara mbili ile siku niliyodhani ninavigeuza mara moja.