Maswali Yenu: Chai ya Matcha

Swali: Wanafunzi wangu wa ufundi watazuru sekondari ya ufundi Japani na kuandaliwa matcha, chai ya unga wa kijani. Wajiandae vipi? – Mwalimu, Kisumu

Jibu: Mwalimu, viatu huvuliwa mlangoni, basi soksi ziwe safi. Saa na pete zivuliwe pia, zisikwaruze bakuli. Kitafunwa kitamu kinachoandaliwa na chai huliwa kwanza. Bakuli huwekwa kiganja cha kushoto, likazungushwa mara mbili kwa mkono wa kulia, ili midomo isiguse upande wa mbele.

Wakiruhusiwa kukoroga: unga gramu 2, maji mililita 70 ya nyuzi 80 hivi. Yakitokota, uchungu huzidi. Unga usiochekechwa hufanya madonge. Kibrashi cha mwanzi huloweshwa kwanza, kisha huenda mbele na nyuma upesi hadi povu litokee. Hapa si kusonga ugali! Sukari na maziwa hayatiwi.

Wafanye mazoezi ya kukalia visigino. Ganzi huwashika wengi.