Kabla Hujafungua Boksi la Baiskeli ya Mbio

Boksi lilifika Kisumu kwa basi la usiku, upande mmoja umebonyea, nikalipeleka nyumbani kwa tuktuk huku nusu yake ikining'inia nje. Ndani mlikuwa na baiskeli ya mbio niliyoiagiza ng'ambo baada ya miezi mitatu ya kuitazama kwenye simu kila usiku. Bei niliyoizoea kwenye skrini siyo niliyolipa mwishowe. Kuna usafiri, kuna VAT ya asilimia 16, kuna nauli ya boksi lenyewe kutoka Nairobi. Zijumlishe hizo kwanza, ndipo uamue kama kweli umepata kwa rahisi.

Baiskeli hizi haziji zimeungwa. Gurudumu la mbele, usukani, kiti na pedali utafunga mwenyewe. Kwa kiburi cha mtu aliyetazama video mbili, nilichukua pedali iliyokuwa karibu nikaiingiza kwenye kranki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, upande wa mnyororo. Ikakataa. Nikaongeza nguvu kwa spana, mpaka nikaona unga wa alumini ukidondoka sakafuni, unang'aa. Hapo nikaogopa, nikabeba kila kitu hadi soko la Kibuye kwa mzee mmoja anayetengeneza black mamba, zile baiskeli nzito za zamani, tangu sijazaliwa.

Hakugusa spana. Aliipindua pedali, akaifuta kwa kidole gumba, akanionyesha herufi L iliyochongwa kwenye ncha, ndogo kama punje ya mtama.

"Kijana, hii ni ya kushoto. Ya kushoto hukazwa kinyume. Hata mamba ni hivyo hivyo."

Thredi ya kwanza ilikuwa imeliwa, zilizobaki zikashika. Alipaka grisi, akaizungusha pedali ya kulia kwa vidole pole pole hadi mwisho, spana ikaja tu kumalizia. Nakusihi ufanye hivyo hivyo: vidole kwanza. Ikikataa vidole, usiilazimishe.

Kitu kilichomshinda mzee ni upepo. Valvu za baiskeli yangu ni zile nyembamba ziitwazo Presta, na pampu yake haikuzishika. Kuna kiungo kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili pampu za kawaida zifanye kazi. Agiza viwili pamoja na baiskeli, na kumbuka kulegeza kwanza kile kinati cha kwenye ncha, la sivyo utapampu hadi jua litue. Usipime upepo kwa kubonyeza tairi na kidole kama tulivyozoea. Nina kilo 74 na tairi za milimita 25, nyuma natia psi 85. Wiki ya kwanza nilipita na upepo mdogo kwenye ukingo wa shimo karibu na Kisian. Rimu ikaibana tyubu, nikapata matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama nimeumwa na nyoka. Laiti ningejua, ningenunua fremu inayopokea tairi za 28 au zaidi. Barabara zetu hazikuchorwa na watu wanaopenda tairi nyembamba.

Sasa breki, na hapa tafadhali soma pole pole. Baiskeli nilizokulia nazo, kwa desturi tuliyorithi kwa Waingereza, mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele. Baiskeli nyingi za soko la Marekani na Ulaya bara ni kinyume: kulia ni nyuma. Sikuliangalia hilo. Nilikuwa nateremka kuelekea Otonglo, tuta likajitokeza, nikabana kwa mkono wa kushoto kama nilivyozoea. Gurudumu la nyuma likainuka. Sijui nilivyobaki juu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi alipiga kelele kabla yangu. Simama nje ya nyumba, bana breki moja moja, uone ipi inashika wapi. Mzee alinibadilishia nyaya siku iliyofuata.

Saizi nayo ilinisumbua. Nina urefu wa mita 1.74, nikachagua fremu ya sentimita 56 kwa sababu ndiyo iliyobaki kwa bei ya ofa. Baada ya saa moja shingo iliuma na vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi. Kile kipande kinachoshika usukani, stemu, nilikibadilisha kutoka milimita 110 hadi 90, nikapata nafuu. Ningechukua 54 tu, basi.

Gia? Meno 34 mbele na 28 nyuma yanatosha mjini. Lakini ziwa liko karibu mita 1,130 juu ya bahari na Maseno ni takriban 1,500, na ukishapita Kisian mlima hauna mzaha. Nilifika kwenye alama ya Ikweta nimesimama juu ya pedali, ulimi nje. Nyuma tafuta 32.

Wepesi wake, hata hivyo! Mamba yangu ina uzito wa mtoto wa shule. Hii naibeba kwa mkono mmoja. Nilipoirudisha Kibuye kwa ajili ya stemu, mzee aliizunguka mara mbili, akaiinua, akaguna. Kisha akaanza kutafuta kitu nyuma ya kiti.

"Keria utafunga wapi? Sioni matundu."

"Haina keria, mzee."

"Haina?" Akaiweka chini taratibu. "Na bibi yako atakaa wapi?"