Mlioanza fildi wiki hii, tuongee kuhusu presha

Wadogo zangu karibuni sana, nawapenda na nataka mtoke hapa mnajua kazi, ila leo asubuhi OPD, kwa wagonjwa wa nje, mmenikera. Mtu katoka kugombania daladala Mbagala, jasho linamtiririka, hata kiti hakijapata joto mshamfunga mkanda wa kupimia presha na mmeandika 158/96, na daktari anaenda kuamua dawa kwa namba hiyo hiyo.

1. Mpumzisheni dakika 5. Mgongo uegemee, miguu ikae chini isipishane, mkono usawa wa moyo, mwenye mkojo aende chooni kwanza. Na msimuulize habari za watoto mkanda ukiwa unajaa, kuongea tu kunapandisha.

2. Mkono mnene unataka mkanda mpana, mdogo unawapa namba ya juu ya uongo. Upo kabatini, ombeni.

3. Hili ndo linaniuma. Kuna bibi mmoja alikuja analalamika kichwa, mwanafunzi akajaza mpaka 180 kwa sababu ndo mazoea yenu nyote, akafungua, kimya, kimya, sauti ya kwanza akaisikia 150. Akaandika 150/94, bibi akaambiwa aende zake apunguze chumvi. Kashafika mlangoni anajifunga khanga vizuri, sista inchaji akamrudisha, hakupenda anavyotembea. Akamkalisha, akamshika mshipa wa kifundo cha mkono, akajaza taratibu. Pale pale 180 akaniita, "njoo shika", nikaweka vidole, mshipa unadunda kabisa! Ulikuja kupotea 210. Yaani kuna watu, hasa wazee wenye presha ya siku nyingi, sauti inaanza juu, inakatika katikati, halafu inarudi chini, sasa wewe ukijaza ukaishia kwenye ule ukimya utasikia ile inayorudi na utaapa ndo ya kwanza. Masikio ya yule mwanafunzi hayakuwa na shida yoyote, vidole ndo havikutumika, na mimi nilikuwa zamu na sikumsimamia. Bibi angefika nyumbani na 210, halafu?

Daktari Riva-Rocci alipoleta mkanda wake Italia mwaka 1896 alikuwa anasoma kwa kushika mshipa, kusikiliza kwa masikio kulikuja na daktari Korotkoff kule Urusi 1905. Kwa hiyo shika kwanza, ona mshipa unapopotelea, toa upepo wote, subiri kidogo, halafu ndo uvae stetoskopu na ujaze 30 kupita pale. Ni dakika moja tu jamani.

4. Mkitoa upepo, shusheni namba 2 kwa sekunde, sio pwaaa. Na geji ya mashine ya kujaza kwa mkono ina mistari ya mbili mbili, sasa ile 137 niliyoiona kwenye faili leo imetoka wapi? Mwenyewe aje tuirudie pamoja kabla mgonjwa hajaondoka, yuko benchi la pili.